Fumbo la gazeti lipimwe kwa mizani

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nitoe ombi moja. Gazeti lenu lianzishe fumbo la maneno la Kiswahili la kila siku, na urefu wa maneno yake upimwe kwa mizani, yaani kwa idadi ya silabi. Usipimwe kwa herufi, na hasa lisiletwe lile fumbo la Kiingereza la herufi tano likavishwa kanzu na kuitwa letu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa mtaa wa Langoni hapa Amu, ndiyo Lamu. Nilisomesha Kiingereza na Kiswahili katika shule za msingi, na mpaka leo watoto wa mtaa hunijia dakani, kibarazani mlangoni kwangu, baada ya alasiri na madaftari yao. Siku hizi huja na simu za wazazi wao pia. Swali wanaloziuliza simu hizo kuliko jingine lolote ni la sampuli hii: nipe maneno ya Kiingereza ya herufi tano, yawe na A na R ndani, na yaishie kwa E. Papo hapo simu inamwaga orodha: crane, grape, brave, share, scare, large, trace. Mtoto anachagua moja, analiandika kwenye visanduku, kisha anasubiri rangi.

Kwa wasomaji ambao hawajakutana nao, mchezo huo unaitwa Wordle. Aliyeutunga ni Josh Wardle, fundi wa programu aliyezaliwa Wales na kufanya kazi Marekani. Aliuweka hadharani Oktoba 2021, na Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua kwa zaidi ya dola milioni moja. Neno la siku limefichwa, nawe una nafasi sita za kulitafuta. Ukiandika neno lako, herufi iliyokaa mahali pake inakuwa kijani, iliyomo ila mahali pengine inakuwa manjano, isiyomo inabaki kijivu. Mwanzoni maneno ya kufichwa yalikuwa kama 2,300, na yale yanayokubaliwa ukiyajaribu yalipita 12,000. Pengo hilo lina busara yake. Mwenzake Wardle, Palak Shah, ndiye aliyeyapitia maneno ya herufi tano moja moja na kuyachuja yale ambayo mtu wa kawaida anayajua. Kwa hiyo kabla ya mchezo kupendwa na mamilioni, kuna mtu aliketi akajiuliza kila mara, neno hili watu wanalitumia? Naomba Mhariri aliweke akilini jambo hilo, maana nalo limo katika ombi langu.

Sina ugomvi na orodha za herufi tano zikifanyishwa kazi ambayo zinaiweza. Mwanafunzi akishajua kwamba neno la leo linaishia kwa -ight, hudhani amefika. Hajafika. Yapo fight, light, might, night, right, sight na tight, na eight nalo limo. Hayo ni manane, na nafasi zilikuwa sita tangu mwanzo. Akijaribu moja baada ya jingine zitamwishia mkononi. Mimi huwaambia watoe neno moja sadaka. Andika films, ambalo unajua fika kuwa silo, kwa sababu linapima F, L, M na S kwa mpigo mmoja. Zote nne zikikataa, umebaki na night, right, tight na eight tu. Hapo mtoto anajifunza kupanga fikira zake, na tahajia ya Kiingereza inamwingia bila kiboko.

Kisha huniuliza, na wana haki kuuliza: mwalimu, hii gh ni ya nini kama haitamkwi? Jibu lake nalipenda, kwa kuwa watoto wetu waliopita chuoni, yaani madrasa, wanalielewa upesi kuliko watoto wa mahali pengi. Zamani Waingereza waliitamka. Ilitoka kooni, jirani kabisa na kha ya kheri na khabari. Wajerumani, ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kiingereza, wanaitamka mpaka leo katika Nacht, ambalo ni usiku, na Licht, ambalo ni mwanga. Waingereza waliiacha sauti, ila maandishi yalikuwa yameanza kuganda. William Caxton alifungua kiwanda cha kupiga chapa Westminster mwaka 1476, na vitabu vilivyochapwa vikazidi kuyazoeza macho tahajia za zamani wakati vinywa vilikuwa bado vinabadilika. Ndiyo maana ukiomba orodha ya Kiingereza kwa herufi, unapewa maneno yanayofanana kwa jicho. Sikio halikuulizwa.

Ushahidi mkubwa uko kwenye -ough. Chukua bough, cough, dough, rough na tough. Yote ni ya herufi tano, na nne za mwisho ni zilezile. Sasa yatamke: bau, kof, dou, raf, taf. Mkia mmoja, sauti nne. Mtoto wa Kiswahili, aliyezoea kwamba herufi akiiona ameshaijua sauti yake, anashtuka. Ndiyo sababu nazithamini orodha hizi kama zoezi la tahajia. Zinamwonyesha kwamba Kiingereza ni lugha ya kusomwa mara mbili, mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa kumsikiliza anayeijua.

Ninaloumia nalo ni pale orodha inapofanywa ndiyo lugha yenyewe. Shule moja, nisiyotaka kuitaja, iliwapelekea watoto nyumbani karatasi za maneno ya herufi tano wayahifadhi kwa ajili ya mashindano. Hapakuwa na maana ya neno hata moja, wala sentensi. Msichana mmoja akanisomea fjord na knoll kwa ufasaha, herufi kwa herufi. Nikamuuliza, knoll ni nini? Akanijibu, "Ni neno la herufi tano, mwalimu." Alijibu kwa adabu na alijibu ukweli, maana hilo ndilo alilofunzwa.

Sisemi kuhifadhi ni kubaya. Katika mji huu wa Amu hakuna atakayenisikiliza nikisema hivyo. Lakini chuoni kwetu anayehifadhi hutarajiwa kufika kwenye tafsiri, na asipofika mwenyewe hutafuta shehe wa kumfikisha. Bila hatua hiyo ya pili mtu anaweza kwenda mbali sana na lugha asiiguse. Nigel Richards, mtu wa New Zealand, alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vibao vya herufi, kwa Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa. Alikuwa ameyahifadhi maneno ya kamusi yao kwa muda wa wiki tisa hivi. Mwaka 2024 akafanya vivyo hivyo kwa Kihispania. Kipaji chake kinanistaajabisha kweli, na ushindi wake ni halali. Ila msomesha watoto lazima aone kwamba mtu huyo, pamoja na mataji yake, asingeweza kuagiza chai Paris kwa hayo aliyoyahifadhi.

Mwaka huohuo wa 2015, huko Perth nchini Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, na neno lililomfikisha lilikuwa la herufi tano, felty. Wanigeria walijulikana kwa kupendelea maneno mafupi, ya herufi nne na tano, hata pale wanapokuwa na uwezo wa kuandika refu. Neno fupi humwachia mchezaji herufi nzuri mkononi na halimfungulii mpinzani ubao. Nawasimulia watoto habari hiyo ili wajue kwamba mchezo wa lugha ya wengine unaweza kuchezwa kwa akili za kwetu.

Sasa nije kwenye Kiswahili.

Wapo wanaosema, basi tufanye fumbo la herufi tano kwa Kiswahili, kuna taabu gani? Maneno tunayo. Hata kamusi za Scrabble za Kiingereza zimeshayachukua kadhaa yetu yenye urefu huohuo: bwana, kanzu, kikoi, panga, ugali, uhuru. Taabu inaanza ukiyatazama kwa karibu. Maneno yetu ya asili huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu, kwa hivyo kisanduku cha mwisho kimeshajibiwa nusu kabla mchezaji hajashika kalamu. Q na X hatuna katika maandishi yetu, na C haitembei bila H. Halafu ziko sauti ambazo ni moja kinywani na ni mbili au tatu karatasini: ch, sh, dh, gh, ny, ng'. Ng'ombe ana herufi ngapi? Ile alama ya juu ni herufi au si herufi, na kama si herufi, itaingia kisanduku gani?

Mambo haya wengine waliyaona wakayatengeneza. Scrabble ya Kiingereza ilibuniwa na Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Ili kujua kila herufi aitengenezee vibao vingapi na aipe alama ngapi, alikaa na kurasa za mbele za magazeti, ikiwemo New York Times, akawa anazihesabu herufi zake. E ikapata vibao 12. K ikapata kimoja tu, chenye alama 5. Kwa Kiingereza hesabu hiyo ni sawa. Kwetu sisi K iko kila mahali, katika ki- ya kitu na katika ku- ya kupika. Huyo kikoi niliyemtaja amekubaliwa na kamusi yao, lakini kwa mfuko wao wa vibao hatoki mpaka uwe na kibao kitupu, kinachosimama badala ya herufi yoyote, kwa kuwa ana K mbili. Waliotengeneza Scrabble ya Kiwelishi walilijua hili, wakakata vibao maalumu vya CH, DD, LL, NG na TH, kila kimoja kikihesabiwa herufi moja. Wahispania nao wana CH, LL na RR. Hakuna aliyewalazimisha kuikata lugha yao ili ienee katika visanduku vya mwingine.

Basi na sisi tukate vibao vyetu? Ingekuwa hatua nzuri. Lakini naona tuna kipimo bora zaidi, na hatukukiazima kwa mtu. Washairi wetu tangu zamani walipima maneno kwa mizani, yaani silabi, na hawakujali ni herufi ngapi. Utenzi una mizani nane katika kila kipande. Shairi la kawaida lina kumi na sita kwa kila mshororo, nane upande huu na nane upande ule. Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa Pate, alipomtungia bintiye wosia mwaka 1858, aliuandika kwa hati ya Kiarabu, na kila kipande kikatoka na nane zake. Leo tunauchapa kwa herufi za Kizungu, na nane zake ziko palepale.

Hapa ndipo penye uzito wote wa hoja yangu, naomba nikae hapo kidogo. Urefu wa neno kwa herufi unabadilika ukibadilisha hati. Kalamu kwa hati yetu ya leo ina herufi sita. Kwa hati waliyoandikia bibi zetu ni kafu, lamu na mimu, tatu tu, irabu zimekaa juu ya herufi kama alama. Mizani yake ni ka-la-mu, tatu, kwa hati yoyote utakayotumia, na hata kama hujui kuandika kabisa. Ua lina herufi mbili, chungwa lina saba, na katika utenzi yanashika nafasi sawa: u-a, chu-ngwa, mizani mbili mbili. Ng'ombe naye ni wa mizani mbili, na ugomvi wa ile alama ya juu umekwisha.

Jambo jingine linatugusa sisi wa Amu kuliko wote. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na kamati ya lugha ikaundwa 1930, maneno yetu mengi yalibaki nje ya mlango wa darasa. Sisi husema mato, vitabu vinasema macho. Sisi nti, wao nchi. Mai na maji, ito na jicho, ina na jina, kuteka na kucheka. Yahesabu kwa herufi, utaona hakuna jozi hata moja iliyolingana: mato ni nne na macho ni tano, ito ni tatu na jicho ni tano. Mtoto wa Amu akiandika neno la mamake kwenye visanduku vya herufi tano, visanduku vitamkataa. Yahesabu sasa kwa mizani. Ma-to, ma-cho. N-ti, n-chi. Ma-i, ma-ji. I-to, ji-cho. Ku-te-ka, ku-che-ka. Kila jozi imelingana. Sauti zilibadilika kutoka kisiwa hadi kisiwa, mizani hazikubadilika, na fumbo linalopimwa kwa mizani linaweza kumkaribisha mtoto wa Amu, wa Mvita, yaani Mombasa, na wa Unguja katika visanduku vilevile.

Na watoto wenyewe wanajua kukata silabi kabla hawajafika kwangu. Wakitaka kusema siri mbele ya wakubwa hupindua maneno kwa kinyume, silabi ya mwisho wanaileta mbele: samaki anakuwa kisama, nyumba inakuwa mbanyu. Hawakosei mahali pa kukata, wala hakuna aliyewafunza silabi ni nini.

Nieleze sasa fumbo lenyewe lingekaaje gazetini, kwa sababu karatasi haigeuki rangi. Mtungaji anaficha neno la mizani tatu. Anachapa majaribio mawili au matatu ambayo tayari yamesahihishwa, na msomaji anafikiri jibu. Silabi iliyokaa mahali pake izungushiwe duara. Iliyomo mahali pengine iwekewe nyota. Isiyomo ipigwe mstari. Na kwa kuwa silabi zetu ni nyingi kuliko herufi, tuongeze msaada mmoja: kama silabi yenyewe siyo, lakini irabu yake ndiyo inayohitajika mahali hapo, iwekewe nukta badala ya mstari.

Mfano. Jaribio la kwanza ni samaki, na chini ya sa, ma na ki kuna nukta tatu. Maana yake hakuna silabi hata moja iliyopatikana, ila irabu za neno la siri ni a, a, i kwa mpango huo. Jaribio la pili ni hazina. Ha ina nyota, zi ina nyota, na ile silabi ya mwisho, "na", imepigwa mstari. Msomaji anafikiri hivi: ha imo lakini haiko mwanzo, nayo haiwezi kuwa mwisho kwa sababu mwisho panataka i, basi iko katikati. Zi imo na ina i, basi ni ya mwisho. Mbele ya hazi kuna silabi moja yenye a. Mtu wa pwani hapo hahitaji jaribio la tatu. Ni jahazi.

Nimelichezesha fumbo hili dakani kwa watoto na kwa mama zao waliokuja kuwachukua, na nimeona jambo ambalo orodha za herufi tano hazikuwahi kulifanya. Waliingia hata wasiojua kusoma. Mama anayeuza mabuyu hapa karibu alilipata neno kabla ya mwanawe wa darasa la saba, kwa kusikia tu yakisomwa majaribio.

Upo na mchezo wa pili ambao ungependeza siku za Jumamosi. Lewis Carroll, aliyekuwa mwalimu wa hesabu Oxford, aliutoa mwaka 1879 katika gazeti la Vanity Fair la London. Unapewa maneno mawili yenye urefu sawa, nawe unatoka la kwanza ufike la pili kwa kubadilisha herufi moja kila hatua, na kila hatua iwe neno la kweli. Kutoka head, kichwa, kwenda tail, mkia, njia yake ni heal, teal, tell, tall, halafu tail. Kwa Kiswahili tubadilishe silabi moja badala ya herufi. Tazameni inavyokwenda kutoka Pate kuja Lamu: Pate, pata, hata, hamu, Lamu. Hatua nne, na kila kituo ni neno ambalo mtoto wa darasa la pili analijua. Nilipolipata hili nilifurahi siku nzima.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nimelisikia Mkunguni mbele ya ngome, wazee wakiwa kwenye bao. Daktari ni mizani tatu au nne? Neno "labda" je, na "maktaba"? Kuna wanaoihesabu konsonanti iliyokosa irabu kuwa mizani kamili, da-k-ta-ri, na kuna wanaoifunga na silabi ya mbele yake. Washairi wamebishana na wataendelea. Ushauri wangu ni kwamba maneno hayo yasifichwe katika fumbo kwa sasa. Yanayobaki ni mengi mno, na hata Kiingereza hakijasalimika: waulize Waingereza wawili fire ni silabi moja au mbili. Kwa lugha yao silabi zina utata na herufi zimetulia, na ndiyo sababu wanafanya vyema kuhesabu herufi. Kwetu sisi ni kinyume chake.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, Mhariri, lina sehemu zake. Mchague mtu wa kukaa na maneno kama alivyokaa Palak Shah, ayachuje yale yanayosemwa kweli nyumbani, sokoni na baharini, na yasiyosemwa yabaki kamusini. Mtu huyo asitoke mji mmoja tu, na awe na mwenzake wa Kiamu, wa Kimvita na wa Kiunguja wa kumuuliza. Neno la lahaja likitumika, jibu la kesho yake lieleze ni la wapi. Na kama mtapenda kujua silabi zipi zinajitokeza zaidi katika Kiswahili kinachoandikwa leo, msihangaike mbali. Butts alihesabu herufi za Kiingereza kutoka ukurasa wa mbele wa gazeti. Kurasa za mbele za Kiswahili mnazo nyinyi, za miaka na miaka, na naamini wako walimu wengi wastaafu katika pwani hii ambao wangezihesabu silabi hizo bila kudai malipo. Mimi ni mmoja wao.

Daftari langu lina maneno ya mizani tatu yaliyokwisha kuchujwa, ya kutosha kuanzia, na majaribio yake nimeshayapanga. Nitayatuma mara tu nikipata jibu lenu. Wakati huo wasomaji wajaribu kutoka nazi kwenda mama kwa hatua nne, silabi moja kila hatua. Na fumbo likianza kuchapwa, nawaomba visanduku viwe vikubwa na wino uwe mweusi, wasomaji wa umri wangu ni wengi.

Wenu katika lugha,
Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu